Spika za PA Sebuleni: Mwongozo Kamili wa Kujenga Boksi la Inchi 12 lenye Honi

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Mtu ananunua spika ya PA (ya kumbi na majukwaa) ya inchi 12 Kariakoo au Luthuli Avenue, anaipachika kwenye boksi lililokuwepo, anaunganisha honi ya sauti za juu kwa kapasita moja, anawasha. Besi haipo, sauti ya juu inakata masikio, na baada ya wiki hukumu inatolewa: spika za ukumbini hazifai nyumbani.

Zinafaa, na zinafaa sana. Kinachokwamisha kazi si spika. Ni ujazo wa boksi usiolingana nayo, honi iliyoachwa na nguvu zake zote, na krosova (saketi inayogawa sauti za chini na za juu kati ya spika na honi) ya kubahatisha. Mwongozo huu unapita kwenye mambo hayo matatu kwa namba unazoweza kupima mwenyewe.

Kwa nini ujisumbue? Kwanza, spika nzuri ya PA ya inchi 12 hutoa dB 95 hadi 98 kwa wati 1 ukiwa mita 1, wakati spika nyingi za nyumbani hutoa dB 85 hadi 89. Tofauti ya dB 10 maana yake ni mara kumi ya nguvu ya amplifaya. Kile ambacho spika ndogo inakitoa kwa wati 50 huku ikihema, hii inakitoa kwa wati 5, na mpigo wa ngoma unatoka mzima bila kubanwa. Pili, honi huelekeza sauti mbele badala ya kuitapanya. Sebule zetu nyingi ni kuta za saruji, sakafu ya vigae na dari tupu, na chumba cha namna hiyo huchanganya kila neno la mwimbaji. Sauti ikielekezwa kwa msikilizaji, dari na kuta za pembeni hazipati nafasi kubwa ya kuivuruga.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa maboksi mawili:

- Spika 2 za inchi 12, ohm 8, zenye karatasi ya vipimo kutoka kwa mtengenezaji
- Draiva 2 za honi zenye mdomo wa inchi 1, ohm 8, na honi 2 zinazotawanya sauti kwa nyuzi 90 kwa 60 au 90 kwa 40 (mlalo kwa wima)
- Karatasi 1 ya plaiwudi ya mm 18, futi 8 kwa 4
- Bomba la PVC la inchi 4, lile la maji taka
- Gundi nyeupe ya mbao, skrubu, msasa, na klampu nyingi kadiri utakavyopata
- Koili 4 za mH 1.5 au 1.6, waya mnene
- Kapasita zisizo na chanya na hasi, za filimu: 4.7 µF na 1.5 µF, nne kila moja; 2.2 µF mbili. 18 µF mbili
- Resista za saruji za wati 10: 2.7, 3.9, 5.6 na 6.8 ohm, mbilimbili, ongeza 6.8 mbili zaidi
- Pamba ya polyester ile ya kujazia mito, na utepe wa sponji wa kuzibia madirisha
- Multimeta, bunduki ya solda, betri ya volti 1.5, simu yenye programu ya kutoa milio, na kijiti cha udi

Ukiweza kupata maikrofoni ya kupimia ya USB, kazi ya hatua za mwisho itakuwa nusu. Programu ya Room EQ Wizard ni ya bure na inasoma maikrofoni hizo vizuri.

Tahadhari kuhusu ubao: MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) inakatika vizuri na haina mlio wake, lakini ikilowa inavimba na hairudi. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina maji, nunua plaiwudi. Ukikata MDF, vaa barakoa. Vumbi lake si la kuvuta.

## Hatua ya 1: Soma namba kabla ya kutoa pesa

Maandishi makubwa ya "1000W" kwenye sumaku hayakusaidii chochote. Nyumbani utatumia chini ya wati 10 karibu muda wote. Namba za kutafuta ni hizi:

Fs, masafa (mitikisiko kwa sekunde, yaani Hz) ambayo koni hutikisika yenyewe. Tafuta 50 Hz au chini.

Qts, jinsi sumaku na kingo vinavyoizuia koni isiendelee kutikisika. Kwa boksi lenye tundu la hewa, kati ya 0.30 na 0.40 ndipo pazuri. Spika nyingi za PA za sauti ya kati zina Qts ya 0.20 hivi. Hizo zina sumaku kali mno, zinataka boksi dogo, na besi yake inakatika mapema. Wauzaji huzisifu kwa uzito wa sumaku, na ndizo zinazowavunja watu moyo nyumbani.

Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na kingo za spika, kwa lita. Huingia kwenye hesabu ya boksi.

Xmax, umbali ambao koni inasogea bila kupotosha sauti. Mm 5 au zaidi.

Sensitiviti, dB kwa wati 1 na mita 1. 95 hadi 97 inatosha. Inayozidi 99 kwa kawaida imelipia sifa hiyo kwa kupoteza besi.

Hakuna karatasi ya vipimo? Usinunue. Spika isiyo na Fs, Qts na Vas haina hesabu, na boksi lisilo na hesabu ndilo lililokuleta hapa. Watengenezaji kama Eminence, B&C, Faital, Beyma, Celestion na Eighteen Sound huweka vipimo vyao wazi kwenye tovuti, kwa hiyo soma ukiwa nyumbani kabla ya kwenda sokoni. Ukifika dukani, pima waya zake kwa multimeta: spika ya ohm 8 itasoma takribani 5 hadi 6.5. Hiyo si hitilafu; ohm 8 ni wastani wa ikiwa kazini, multimeta inasoma waya peke yake. Ikisoma 3 hivi, hiyo ni ya ohm 4, hata kama kibandiko kinasema vingine.

Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawia. Isikwaruze.

Umefaulu ukiwa na: namba tano zilizoandikwa kwenye karatasi, zinazotoka kwa mtengenezaji, na multimeta inayokubaliana nazo.

## Hatua ya 2: Hesabu ya ujazo na tundu

Hapa ndipo besi inapopatikana au kupotea, kwa hiyo tulia.

Tuchukue mfano wa spika yenye Fs 45 Hz, Qts 0.35, Vas lita 90, na sensitiviti dB 96. Ni namba za kawaida kwa inchi 12 inayofaa nyumbani. Kwa boksi lenye tundu, kanuni za haraka ni:

Ujazo = 15 × Vas × Qts^2.87

Masafa ya tundu = 0.42 × Fs × Qts^−0.9

Masafa ambapo besi imeshuka dB 3 = 0.26 × Fs × Qts^−1.4

Kikokotoo cha simu kikilazwa upande kina kitufe cha x^y, kinatosha. Kwa mfano wetu: ujazo ni lita 66, tundu linapangwa karibu 48 Hz, na besi inashuka dB 3 ikifika 51 Hz. Kamba ya chini kabisa ya gitaa la besi ni 41 Hz, kwa hiyo karibu muziki wote umo ndani.

Sasa linganisha. Spika hiyohiyo, lita 66 zilezile, lakini boksi limezibwa: besi inashuka dB 3 ikiwa bado 97 Hz. Karibu oktava nzima (masafa kuongezeka mara mbili) imepotea. Ndiyo maana spika ya PA iliyotiwa kwenye boksi dogo lililofungwa huonekana haina besi. Sumaku yake kali inaishikilia koni, na hewa iliyobanwa inaongezea ugumu juu yake.

Kuna hali moja ambayo ningechagua boksi lililofungwa bila kusita: kama tayari una sabufa nzuri. Acha sabufa ichukue kila kitu chini ya 100 Hz, haya maboksi yaanzie hapo, na kazi ya tundu unairuka. Kwa wengine wote, endelea na tundu.

Urefu wa bomba, kwa sentimita:

Urefu = (23562 × d²) ÷ (masafa² × lita) − (0.732 × d)

d ni kipenyo cha ndani cha bomba kwa sentimita. Bomba la inchi 4 lenye kipenyo cha nje mm 110 lina kipenyo cha ndani karibu sm 10.4, lakini pima la kwako kwa sababu unene wa ukuta hutofautiana. Kwa 48 Hz na lita 66 inatoka sm 9, unene wa ubao wa mbele ukiwa umehesabiwa humo. Kata sm 11. Kupunguza ni rahisi, kurefusha ni balaa.

Usishawishike kutumia bomba la inchi 2 kwa kuwa ni fupi na rahisi. Hewa ikipita kwenye njia nyembamba kwa kasi inatoa mlio wa kupuliza, na utausikia kila besi inapogonga.

Ongeza lita 7 hivi kwa ajili ya mwili wa spika, honi, bomba na vipande vya kukaza. Jumla lita 73. Vipimo vya ndani vya sm 36 (upana) × 66 (kimo) × 31 (kina) vinatoa lita 73.7. Vipimo vitatu tofauti ni makusudi: boksi la mchemraba hufanya mawimbi ya pande zote yarundikane kwenye masafa mamoja, na sauti za wanaume zinatoka kama ziko ndani ya pipa.

Namba zako zikitofautiana na za mfano, piga upya kila kitu. Usiazime lita zangu kwa spika yako. Programu ya WinISD ni ya bure na itakuchorea mstari wa besi kabla hujakata ubao.

Umefaulu ukiwa na: ujazo, masafa ya tundu na urefu wa bomba vinavyotoka kwenye namba za spika yako.

## Hatua ya 3: Kata na unganisha

Kwa kila boksi:

- Mbele na nyuma: vipande 2 vya sm 39.6 × 69.6
- Pembeni: vipande 2 vya sm 31 × 69.6
- Juu na chini: vipande 2 vya sm 36 × 31

Maboksi mawili yanatoka kwenye karatasi moja ukipanga hivi: gawa urefu wa sm 244 kwa safu tatu za sm 69.6, na mkanda unaobaki mwishoni utatoa vipande vitatu vya juu na chini; cha nne kitoe kwenye nafasi inayobaki ndani ya safu ya tatu. Mabaki ni ya kukazia. Mpe fundi seremala mwenye mashine ya meza akukatie. Msumeno wa mkono hutoa kingo zilizopinda, na kila mwanya ni njia ya hewa.

Kabla ya kuunganisha, toboa ubao wa mbele: honi juu, spika katikati, bomba chini. Kipenyo cha tundu la spika kisome kwenye karatasi ya vipimo (inchi 12 nyingi ni karibu sm 28). Sogeza honi na spika zikaribiane kadiri fremu zinavyoruhusu. Zikiwa mbali, sauti ya mwimbaji inasikika ikitoka sehemu mbili.

Paka gundi kwa wingi, bana kwa klampu, futa inayotoka. Katikati ya boksi, weka kipande cha upana wa sm 5 kinachounganisha ubavu mmoja na mwingine, na kingine kutoka mbele hadi nyuma, chini kidogo ya spika. Koni ya inchi 12 inasukuma hewa nyingi, na ubao usiokazwa unaanza kuimba wimbo wake. Ukishakauka, pitisha kidole cha gundi kwenye kona zote za ndani.

Umefaulu kama: ukigonga ubavu kwa ngumi unasikia "tup" fupi, si "bummm".

## Hatua ya 4: Bomba, pamba, na kufunga spika

Gundisha bomba. Bandika pamba ya unene wa sm 3 hadi 5 nyuma, juu na ubavu mmoja. Iachie njia: isikaribie mdomo wa ndani wa bomba kwa upana wa kiganja. Pamba inamaliza mwangwi wa sauti ya kati. Ukijaza boksi zima, unazima na tundu.

Zungushia utepe wa sponji chini ya fremu za spika na honi. Funga kwa boliti na nati za meno zinazopigwa kwa nyuma ya ubao, kwa sababu spika utaitoa na kuirudisha mara kadhaa, na skrubu za mbao zitalegea.

Sasa angalia mikono yako. Sumaku ya spika ya PA ina nguvu za ajabu, inavuta bisibisi kutoka pembeni na kuipeleka moja kwa moja kwenye koni. Shika ncha ya bisibisi kwa vidole vya mkono wa pili muda wote, au funika koni kwa kipande cha kadibodi. Spika nzima imepotea kwa sekunde moja namna hiyo.

## Hatua ya 5: Pima boksi kabla ya krosova

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo maana wanabaki wakibishana na krosova kwa tatizo ambalo liko kwenye ubao.

Funga honi mahali pake bila kuiunganisha. Unganisha spika ya inchi 12 peke yake kwenye amplifaya, sauti chini. Fungua programu ya milio kwenye simu na uanze na 80 Hz, halafu shuka taratibu: 70, 60, 55, 52.

Tazama koni. Itakuwa inatikisika kwa mwendo unaoonekana. Ukikaribia masafa ya tundu, mwendo unapungua, unapungua, hadi koni inakaribia kusimama kabisa ilhali sauti bado ipo. Weka ukanda wa karatasi laini mbele ya bomba: sasa ndio unapepea kwa nguvu. Kazi imehama kutoka kwenye koni kwenda kwenye hewa ya bomba. Masafa ambayo koni imetulia zaidi ndiyo masafa halisi ya tundu lako.

Imetulia kwenye 45 Hz badala ya 48? Bomba ni refu; punguza kwa nusu sentimita na upime tena. Ukiacha sm 11 kama nilivyoshauri, ndivyo itakavyoanza.

Kisha washa udi. Kwenye mlio wa 40 Hz hivi, pitisha moshi taratibu kwenye kila kiungo, kuzunguka fremu na vituo vya waya. Moshi unapanda ukiwa umenyooka. Ukifika penye mwanya, utayumba kwa mpigo wa sauti. Weka alama, ziba.

Tahadhari: chini ya masafa ya tundu, hewa ya boksi haiizuii tena koni. Mlio wa 25 Hz kwa sauti kubwa unaweza kuipiga koili ya spika kwenye bamba la nyuma la sumaku. Fanya majaribio yote kwa sauti ndogo.

Umefaulu kama: koni inatulia kati ya 46 na 50 Hz, na moshi hauyumbi popote isipokuwa mdomoni mwa bomba.

## Hatua ya 6: Krosova

Kapasita moja kwenye honi haitoshi. Inapunguza dB 6 tu kwa kila oktava, kwa hiyo nguvu ya masafa ya chini bado inaifikia diaframu nyembamba ya honi, na inchi 12 nayo inaendelea kuimba hadi juu kabisa ambako haiwezi. Zote mbili zinaimba neno moja kwa nyakati tofauti kidogo. Ule ukali unaochosha unazaliwa hapo.

Tunakata kwenye 1600 Hz. Juu ya hapo inchi 12 inaanza kubana sauti yake kuwa mwale mwembamba. Karibu na hapo upana wake unalingana na wa honi ya nyuzi 90. Hakikisha karatasi ya draiva yako inaruhusu 1600 Hz kwa krosova ya dB 12. Ikisema 2000, ifuate.

Kwa ohm 8:

Upande wa inchi 12: koili ya mH 1.6 kwenye waya wa chanya (mfululizo), kisha kapasita ya 6.2 µF kutoka baada ya koili kwenda hasi. Kutoka kituo cha chanya cha spika hadi cha hasi weka resista ya 6.8 ohm na kapasita ya 18 µF zilizofuatana. Jozi hii inatuliza upinzani wa spika, ambao hupanda kadiri masafa yanavyopanda. Bila hiyo, koili haikati inavyopaswa.

Upande wa honi: kapasita ya 6.2 µF mfululizo, kisha koili ya mH 1.6 kwenda hasi. Halafu resista za hatua inayofuata. Mwisho draiva.

6.2 µF unaipata kwa kuweka 4.7 na 1.5 sambamba. Koili zikae mbali, angalau sm 10, moja ikiwa imelala na nyingine imesimama, la sivyo zinapitishiana umeme kwa sumaku. Usitumie kapasita za kawaida zenye alama ya hasi. Mziki ni umeme wa kwenda na kurudi.

Kamwe usiunganishe draiva ya honi moja kwa moja kwenye amplifaya, hata kwa kuijaribu tu. Kishindo cha kuwasha kinaweza kuikata diaframu.

## Hatua ya 7: Shusha honi

Kama ungebakiza hatua moja tu kutoka mwongozo huu, iwe hii.

Draiva kwenye honi hutoa dB 105 hadi 109 kwa wati 1. Inchi 12 ya mfano wetu inatoa 96. Tofauti inaonekana ni dB 10, na wengi huishia hapo. Lakini 96 ile ilipimwa spika ikiwa kwenye ukuta mpana. Kwenye boksi la upana wa sm 40, sauti za chini ya takribani 300 Hz zinazunguka boksi na kwenda nyuma. Ukiwa sebuleni, hesabu kwamba umepoteza dB 3 hivi. Sasa una 93 dhidi ya 106: shusha 13.

Resista mbili, moja mfululizo na nyingine sambamba na draiva:

- 5.6 na 3.9 ohm: inashuka karibu dB 10
- 5.6 na 2.7 ohm: karibu dB 11.5
- 6.8 na 2.7 ohm: karibu dB 13

Ya kwanza kwenye kila jozi ni ya mfululizo. Mpango huu unaifanya krosova iendelee kuona karibu ohm 8, ndiyo maana resista moja peke yake haifai. Zaidi ya hapo, unapunguza na ule mvumo wa "shhh" wa amplifaya, ambao kwenye honi isiyoshushwa unasikika hadi kwenye kochi.

Honi hutawanya sauti ya juu kwa upana, kwa hiyo masafa ya juu kabisa yanafifia. Weka kapasita ya 2.2 µF sambamba na resista ya mfululizo. Itaacha njia ya mkato kwa sauti za juu ya 8000 Hz hivi, na matoazi yatarudi.

Umefaulu kama: habari za redioni zinasikika kama mtu aliyekaa chumbani. Sauti ya msomaji wa habari ni kipimo bora kuliko wimbo wowote, kwa sababu masikio yetu yanaijua sauti ya binadamu. Herufi "s" zikichoma, shusha zaidi. Msomaji akisikika kama yuko nyuma ya pazia, pandisha.

## Hatua ya 8: Chanya na hasi

Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika ya inchi 12 (honi usiiguse kwa betri). Koni ikitoka nje, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya. Hakikisha maboksi yote mawili yanafanana.

Krosova ya aina hii kwa kawaida inataka honi igeuzwe, chanya kwenye hasi. Lakini honi iko nyuma kidogo ya koni, na umbali huo hubadilisha mambo, kwa hiyo usiamini kitabu, jaribu. Piga mlio wa 1600 Hz ukiwa mita 1, sawa na kati ya honi na spika, maikrofoni ikiwa imetulia. Pima, geuza waya za honi, pima tena. Kwa namna moja sauti itadidimia sana. Namna ile nyingine ndiyo sahihi. Programu ya simu ya kupima dB inatosha kwa jaribio hili, kwani unalinganisha tu.

Tofauti ikiwa ndogo, chini ya dB 5 hivi, zote mbili zinapishana nusunusu. Badilisha kapasita ya honi kidogo, 5.6 au 6.8 µF, na urudie.

## Hatua ya 9: Chumbani

Mdomo wa honi uwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Kwa boksi hili, stendi ya sm 35 hadi 40 inatosha. Acha sm 30 kutoka ukuta wa nyuma kwa kuanzia, na ugeuze maboksi yakutazame. Besi ikivuma, sogeza mbele. Ikikonda, rudisha ukutani. Zulia kati yako na maboksi, pamoja na mapazia mazito nyuma yako, vitasaidia kuliko waya wa bei kubwa.

Amplifaya ya wati 20 hadi 50 inatosha kabisa, ilimradi ni tulivu. Na kwa kuwa spika hizi hazionyeshi kuchoka, ni rahisi kusikiliza kwa sauti kubwa kuliko unavyodhani: dB 85 zinavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila dB 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Weka programu ya dB kwenye simu kwa siku za mwanzo.

Sikiliza wiki moja bila kugusa chochote, mziki unaoujua. Halafu, ukihitaji, badilisha resista za honi kwa jozi ya jirani kwenye orodha ile, boksi zote mbili kwa pamoja, na badiliko moja kwa wakati mmoja.